Kwenda Nyumbani, Kwenda Ukweni, Kwenda Ujombani: Maneno ya Kutembeleana Katika Mwanhuzi

Kitenzi "kutembelea" huelezwa katika kamusi zetu kwa maneno machache: kwenda kwa mtu ili kumwona au kumjulia hali. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Katika Mwanhuzi, mji ulio makao makuu ya wilaya ya Meatu katika mkoa wa Simiyu, ukimkuta mume kijana na mkewe na watoto wao wamesimama na mizigo kituoni mwezi wa Juni, ukawauliza waendako, ni nadra kukujibu kwamba wanakwenda kutembelea jamaa. Watakuambia, "Twenda nyumbani," au "Twenda ukweni," au "Twawapeleka watoto kwa mjomba wao." Majibu hayo matatu si namna tatu za kusema jambo moja. Kila moja lina adabu zake, zawadi zake, chakula chake na hata sauti yake ya kuzungumzia. Na mtoto anayefuatana na wazazi wake katika safari hizo tatu hurudi akiwa amejifunza ukoo wake.

Shabaha ya makala haya ni kueleza maneno hayo jinsi yatumikavyo katika majira ya kutembeleana, kisha kuonyesha kwamba Kiswahili Sanifu, kwa namna kinavyofundishwa leo, kinaelekea kupoteza baadhi ya tofauti ambazo nyumba changa ya Mwanhuzi haiwezi kuishi bila hizo. Neno la ujamaa likipotea, hapotei jina peke yake. Hupotea pia jibu la swali la nani ana wajibu gani kwa mtoto.

Mahali na majira

Mwanhuzi lilikuwa katika mkoa wa Shinyanga hata mwaka 2012, mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Wenyeji wengi ni Wasukuma, nao wamechanganyika na Wanyiramba, Wataturu na Wahadzabe, pamoja na walimu, wauguzi na wafanya biashara waliotoka kila upande wa nchi. Hata jina la mji hudhihirisha lugha ya mahali: herufi "nh" katika Mwanhuzi si "n" na "h" zilizokaa jirani kwa bahati, bali ni alama ya sauti moja ya Kisukuma, itokayo puani bila mghuno, ambayo Kiswahili Sanifu hakina. Wageni wengi hulitamka jina hilo kana kwamba "h" haimo.

Jambo la pili la kufahamu ni majira. Pwani, mtu akisema "mwanzo wa kiangazi" hufikiri habari za Desemba na Januari, pepo za kaskazi zivumapo na jua likawa kali. Mwezi wa Juni pwani ni kipupwe: pepo ni za kusi, na hewa ina ubaridi. Lakini Usukumani hakuna masika na vuli zilizotengana kama za pwani. Mvua huanza Oktoba au Novemba, nayo hukoma karibu na Mei; baada ya hapo ni ukavu mpaka mvua zirudi. Kwa hiyo msemaji wa Mwanhuzi asemapo "kiangazi kimeingia" ana maana ya Juni, ijapokuwa usiku wa mwezi huo mtu hujifunika blanketi. Neno ni lile lile, kalenda ni mbili. Mfasiri asiyejua hilo, akikuta habari za sherehe za mwanzo wa kiangazi zilizoandikwa Meatu, ataziweka katika mwezi usio wao.

Mwanzo huo wa kiangazi ndio wakati wa kutembeleana, na sababu zake ni za kazi kabla ya kuwa za furaha. Mtama na mahindi yamekwisha kuingia ghalani. Viazi vitamu vimekatwa na kuanikwa, vikawa michembe. Vilivyochemshwa kwanza vimekuwa matobolwa. Pamba inachumwa na kuuzwa, na fedha ya mwaka huonekana nyumbani kwa mara ya kwanza. Shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Njia zilizokuwa matope zimekauka. Methali yetu husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mwezi wa Juni jembe limepumzika, na mgeni aweza kukaa juma zima bila ya mwenyeji kuona haya ya kumlisha wala mgeni kuona haya ya kula.

Basi tuchukue nyumba moja kuwa mfano, si kwa sababu ipo mahali fulani, bali kwa sababu nyumba za namna yake ni nyingi. Mume ni Msukuma, mwalimu, aliyezaliwa katika kijiji kimoja cha Meatu. Mke ni Mnyiramba, muuguzi, kwao ni ng'ambo ya Mto Sibiti, katika wilaya ya Mkalama. Wana watoto wawili, wa kwanza anasoma darasa la pili. Nyumbani mwao husemwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha iliyowaunganisha. Yafaa tuone jinsi Kiswahili hicho kinavyofanya kazi katika safari zao.

Safari ya kwanza: nyumbani

"Nyumbani" kwa mume huyo si nyumba aliyopanga mjini. Hiyo ni "kwangu" au "ninapokaa". Nyumbani ni kwa baba yake. Kadhalika neno "kusalimia" hapa huchukua mzigo mkubwa kuliko ule wa pwani. Pwani mtu huamkia au husalimu, akaendelea na njia yake. Katika Kiswahili cha bara "kwenda kusalimia" ni safari: mtu aweza kuomba ruhusa kazini ya siku saba "akasalimie nyumbani", na hakuna atakayemwona mwongo akikawia siku zote saba.

Mkewe naye husema "nyumbani" kwa habari ya mahali hapo, lakini mara nyingi huongeza "kwa baba watoto". Neno "kwetu" hulihifadhi kwa Mkalama. Hapa sarufi inasema jambo ambalo watu hawalisemi waziwazi. Mwanamke aliyeolewa ana "kwetu" mbili, naye huzitumia kwa kufuata ni nani anayemsikiliza. Mbele ya mama wa mumewe atasema, "Mvua za kwetu hapa zilikuwa nzuri," akijihesabu miongoni mwa wenyeji. Jioni, akizungumza na mumewe peke yao, atasema, "Kwetu wamevuna zaidi," naye ana maana ya Mkalama. Wanaosikia husikiliza neno hilo kwa makini. Mke asiyepata kusema "kwetu" ya kwanza baada ya miaka mingi huhesabiwa kuwa hajakaa. Na yule aliyelazimishwa kuiacha ya pili amenyang'anywa kitu.

Wafikapo, salamu huanza. Asubuhi ni "Mwangaluka", na baada ya mchana ni "Mwadila". Wataalamu wa lugha wataona kwamba kiambishi "mw-" hapo ni cha nafsi ya pili ya wingi, nacho hutumika kwa mzee mmoja kwa ajili ya heshima. Kwa rika au mtoto husemwa "Wangaluka". Ndivyo ilivyo pia katika shukrani: "Wabeja" kwa aliye sawa nawe, "Mwabeja" kwa mkubwa au kwa watu wengi. Kiswahili hakina desturi hiyo. Tuna "shikamoo" kwa mkubwa mmoja na "shikamooni" kwa wengi. Heshima imo katika neno lenyewe, wala haimo katika wingi. Kwa sababu hiyo mtoto wa mjini, aliyezoea Kiswahili tu, humwambia babu yake "Wangaluka" kwa moyo safi, na watu wote wakacheka, kwa kuwa amemsalimu mzee kama anavyomsalimu mchungaji mwenziwe.

Kisha huja fumbo la neno "mama". Katika Kisukuma mzazi wa kike ni "mayu". "Mama" ni bibi, yaani mzazi wa baba au wa mama, na mwenziwe wa kiume ni "guku". Mtoto wetu wa darasa la pili aitapo "Mama!" uani kwa babu yake, wanawake wawili waweza kuitika, na wote wawili wana haki. Kwa kawaida jambo hilo hutatuliwa upesi. Watu wazima humfundisha mtoto kusema "bibi", au bibi mwenyewe hukubali kuitwa kwa jina la Kiswahili. Lakini mwandishi wa kamusi ya lugha mbili na alikumbuke: neno lililo la kwanza kabisa katika kinywa cha mtoto wa Kiswahili lina mtu mwingine upande wa pili wa ua.

Hapo nyumbani mtoto hukutana pia na baba zake. Ndugu wa kiume wa baba ni "baba mkubwa" akiwa amemtangulia baba kuzaliwa, au "baba mdogo" akiwa amemfuata. Hapa Kiswahili na mila ya mahali vyapatana: wote hao ni baba, wote waweza kumtuma mtoto na kumkanya. Ila "mama mdogo" huleta shida. Kwa kamusi, yeye ni ndugu mdogo wa mama. Lakini katika boma la mwenye wake wawili au watatu, "mama mdogo" ni mke wa baba aliyeolewa baadaye. Mmoja yuko kuukeni, mwingine yuko kuumeni. Mmoja ni damu ya mama, mwingine huenda hana undugu naye hata kidogo. Watoto huzitenganisha maana hizo mbili kwa kutaja mahali: "mama mdogo wa nyumbani" na "mama mdogo wa Mkalama". Twaona basi kwamba lugha ikikosa neno, wasemaji huchukua jina la njia.

Babu na bibi nao wana lugha yao kwa wajukuu. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mchumba", na bibi humwita wa kiume "mume wangu", akimdai kitenge cha mwaka huu. Utani huo umeenea sehemu nyingi za nchi yetu, nao si mchezo mtupu. Mtoto aliyekatazwa kujibizana na baba hupata kwa babu mahali pa kufungulia ulimi wake. Kadhalika mtoto aliyepewa jina la babu yake husikia baba yake mzazi akimwita "baba". Naye hujifunza mapema kwamba jina alilobeba lina mwenyewe.

Safari ya pili: ukweni

Safari ya ukweni ni ya mume zaidi kuliko ya mke, maana mke anakwenda kwao. Zamani mto Sibiti, unaomwaga maji yake katika Ziwa Eyasi, uliikatiza njia hiyo wakati wa mafuriko. Tangu daraja lilipojengwa, gari hupita. Mizigo hubadilika: nyumbani walikwenda na sukari, sabuni na majani ya chai, wala hakuna aliyevihesabu, ukweni huongezwa khanga au kitenge cha mama mkwe, tena hufungwa vizuri, maana hapa zawadi hutazamwa.

Neno "mkwe" katika Kiswahili ni la pande mbili: baba wa mke ni mkwe wa mume, na mume ni mkwe wake pia. Usawa huo wa neno wafanana na usawa wa heshima, kwa kuwa wote wawili huogopana. Mume haketi karibu na mama mkwe wake, hamtazami usoni kwa muda mrefu, wala hali naye katika chombo kimoja. Akimwona anakuja njiani, hupisha. Mtoto, ambaye jana tu alimwona baba yake akicheka uani kwa mama yake mzazi, leo humwona amenyamaza, akiinamisha kichwa, akijibu maswali kwa maneno mawili. Hakuna mtu anayemweleza. Hujifunza kwa macho kwamba kuna bibi wawili, na kwamba baba ni mtu mwingine katika kila ua.

Kiswahili cha pwani cha zamani kilikuwa na utajiri katika jambo hili. Mama wa mume aliitwa "mavyaa" na baba wa mume "bavyaa", maneno yaliyo na mzizi wa kuzaa. Mke wa mwana alikuwa "mkaza mwana" na mke wa mjomba "mkaza mjomba". Ndugu wa mume au wa mke alikuwa "mwamu" au "shemeji". Dada wa mume ni "wifi" hata leo. Kati ya maneno hayo, "wifi", "shemeji" na "mkwe" yamesafiri mpaka Meatu yakapokewa. Mengine yalibaki pwani, na huko nako vijana wengi hawayajui. Badala yake bara imetunga lake: mama mkwe huitwa "mama mzaa chema", yaani aliyemzaa mtu mwema niliyemwoa. Neno hilo lilizaliwa katika mazungumzo ya watu, nalo ni zuri, kwa sababu limeigeuza hofu ya ukweni kuwa sifa.

Shemeji ni mlango wa kupumulia ukweni. Yule mume aliyenyamaza mbele ya mama mkwe hufunguka kwa shemeji zake, nao humtania kwa kipimo, wakimwuliza habari za ng'ombe ambao hawajafika.

Safari ya tatu: ujombani, na habari za ng'ombe

Swali hilo la ng'ombe ndilo linalotupeleka kwa mjomba. Mjomba, ndugu wa kiume wa mama, huitwa "mami" katika Kisukuma. Shangazi, ndugu wa kike wa baba, huitwa "sengi". Kiswahili kina maneno mawili kamili kwa watu hao wawili, na hapa twapaswa kushukuru, maana lugha nyingi za Ulaya hazina. Mwingereza humwita mjomba na baba mdogo kwa neno moja, akaridhika. Kwa mtu wa Meatu kutowatenganisha hao ni kama kutotenganisha deni na amana.

Sababu yake yaonekana katika mila za mahari. Hans Cory, aliyeandika kitabu juu ya sheria na mila za Wasukuma kilichotolewa mwaka 1953, alieleza mila ambayo wazee wanaifahamu: mahari yakitolewa, watoto ni wa upande wa baba, yasipotolewa, watoto huhesabiwa upande wa mama, nao hukulia kwa mjomba wao, mpaka baba atakapowakomboa kwa ng'ombe. Kwa hiyo "ujombani" kwa mtoto mmoja ni mahali pa kwenda likizo, na kwa mtoto mwingine ni nyumbani kwake hasa. Neno lile lile la mahali hubeba riwaya nzima ya ndoa ya wazazi.

Sheria ya nchi imebadilika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikulifanya toleo la mahari kuwa sharti la ndoa kuwa halali, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka haki za mtoto bila kujali ng'ombe. Hata hivyo lugha ya nyumbani haibadiliki siku ile ile ibadilikapo sheria. Mjomba angali ndiye anayeulizwa msichana anapoposwa. Angali ana fungu lake katika mahari ya mpwa wake sehemu nyingi. Angali ndiye mtoto anayemkimbilia akigombana na baba yake. Na neno "mpwa", yaani mtoto wa dada, lingali likitumiwa na mjomba kwa sauti ya pekee, maana baba mdogo hana mpwa katika watoto wa kaka yake: hao ni wanawe.

Shangazi naye ana kazi yake. Yeye ni baba wa kike. Ndiye anayemketisha bibi arusi na kumweleza mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Katika majira haya ya kiangazi, ambapo arusi ni nyingi kwa kuwa fedha ya pamba ipo, shangazi ni mtu mwenye shughuli kuliko wote, na asipoalikwa mapema arusi yaweza kuahirishwa.

Sherehe zinazowakutanisha

Mbali na arusi, ziko sherehe zinazowakusanya jamaa wa kuumeni na wa kuukeni mahali pamoja. Ngoma, ambazo Wasukuma huziita "mbina", huchezwa hasa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Vikundi vya Bagika na Bagalu, ambavyo husemekana vilianzishwa na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha, hushindana mpaka leo, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Mtu huingia katika kikundi kimojawapo. Ndiyo sababu siku ya ngoma mume na shemeji yake waweza kujikuta wamesimama pande mbili. Kule Bujora, karibu na Kisesa iliyo upande wa Mwanza (si Kisesa ya Meatu), Padre David Clement wa kutoka Kanada aliyaunganisha mashindano hayo na sikukuu ya Ekaristi, na sherehe ikaitwa Bulabo, neno lenye maana ya maua.

Kisha huja Saba Saba. Siku ya 7 Julai, ambayo chama cha TANU kilianzishwa mwaka 1954, ndiyo ambayo familia nyingi huifanya mpaka wa safari: wanaokwenda kusalimia huahidi kurudi kabla au baada ya Saba Saba. Nane Nane, sikukuu ya wakulima, huufunga msimu. Katika miaka ya 2018, 2019 na 2020 sherehe zake za kitaifa zilifanyika katika viwanja vya Nyakabindi, wilaya ya Bariadi, na jamaa wengi wa Meatu walikutana huko bila kupatana. Majina ya siku hizi mbili, yaliyotungwa kwa kurudia hesabu tu, yameingia katika lugha ya nyumbani kama majina ya majira: mtoto "alizaliwa Saba Saba", deni "litalipwa Nane Nane".

Hasara iliyo mlangoni

Sasa tuje katika jambo lililotusukuma kuandika. Watoto wa Mwanhuzi, kama wa miji mingine, wanazidi kusema "anko" na "anti". Maneno hayo si mabaya kwa kuwa ni ya kigeni. Kiswahili kimekopa mengi na kimestawi kwayo, na "binamu" pia lilikuja na jahazi. Ubaya wake ni kwamba yameingia mahali palipokuwa na tofauti, yakaifuta. "Anko" ni baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na mume wa shangazi, na hata rafiki wa baba aliyepita kusalimu. "Anti" ni shangazi, mama mdogo, mama mkubwa, mke wa mjomba, na msichana yeyote dukani. Mtoto anayetoka katika safari zote tatu akiwa na "anko" wanane na "anti" kumi amewaona watu wengi, lakini hajajua nani atamtetea, nani atamposea, na nani hawezi kumwoa binti yake.

Hili la mwisho si dogo. Tuliangalie neno "binamu". Asili yake ni Kiarabu, mwana wa ndugu wa baba. Pwani, kwa kufuata sheria ya Kiislamu, binamu waweza kuoana, na katika baadhi ya koo ndoa hiyo hupendwa. Katika Usukuma watoto wa ndugu wawili ni kaka na dada, na hawaoani. Kitabu cha shule kikimfundisha mtoto wa Meatu kwamba mtoto wa baba yake mdogo ni "binamu", kimeliweka mbali kidogo jambo ambalo wazazi wake waliliweka karibu. Na kwa kuwa Wasukuma wametawanyika kwa kutafuta malisho na mashamba, toka Geita hata Rukwa, Morogoro na Lindi, vijana hukutana vyuoni na kazini bila kujua kwamba babu zao ni ndugu. Zamani jambo hilo lingegunduliwa katika maswali ya salamu. Leo hutegemea kijana mwenyewe awe na maneno ya kujieleza kwayo.

Nini kifanyike? Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilifanya kazi kubwa ya kusawazisha kamusi na vitabu vya shule. Lugha moja ilihitajika, na ikapatikana. Lakini wasemaji wengi wa lugha hiyo leo wako bara, nao wanaitumia kwa mambo ya ndani kabisa: kuposa, kuzika, kurithi, kuwasuluhisha walioachana. Kamusi inayotoa maana ya pwani peke yake kwa maneno ya ujamaa haijakosea, imenyamaza tu. Yafaa katika matoleo yajayo neno "kiangazi" lipewe miezi yake miwili. "Mama mdogo" lipewe maana zake mbili. "Kusalimia" lielezwe kuwa safari. "Mama mzaa chema" liandikwe kwa heshima inayostahili. Na "mkaza mwana", "mavyaa" na "bavyaa" yasiandikwe tu kama maneno ya kale, bali yatolewe kwa walimu kama akiba ambayo yaweza kurudi kazini.

Walimu nao wana nafasi ambayo kamusi haina. Likizo ya Juni ikimalizika, mwalimu huwaagiza wanafunzi waandike insha juu ya walivyoitumia. Mara nyingi hupokea sentensi ile ile: nilikwenda kijijini kuwatembelea jamaa zangu. Mwalimu na asiikubali. Amwulize mtoto: jamaa gani, wa kuumeni au wa kuukeni? Aliyekupa kuku alikuwa baba yako mdogo au mjomba wako? Uliyemwita bibi alikuwa mama wa nani, na baba yako aliketi wapi alipokuwapo? Mtoto atakayeweza kuyajibu maswali hayo kwa Kiswahili amefanya zoezi la msamiati na la uraia kwa pamoja. Asiyeweza atarudi nyumbani kuuliza, na wazazi wake, hata wakiwa wa makabila mawili, watalazimika kutafuta maneno. Na katika kutafuta huko ndiko Kiswahili cha nyumba changa kinakofanyika.